Mwalimu aliyepigilia meza ukutani ili mwanafunzi asiizunguke

Niaje wakuu.

Hii sikuambiwa na mtu. Nilikuwa ndani ya chumba hicho, na nikiongeza chumvi mods wafute uzi.

Nilitoka Bungoma baada ya form four kwa lori la sukari, nikidhani naenda Nakuru kusalimia shangazi. Nikafika Juba. Nikaosha magari Kampala, nikaendesha pickup ya kuku Kisii, nikapoteza mke Eldoret (hakufa, alichoka). Hadi leo nikisikia harufu ya diesel asubuhi, moyo unaenda Juba bila mimi.

Miaka ishirini na kitu ikaisha hivyo. Ndipo nikashuka River Road na begi moja, nikapata job ya assistant instructor kwa driving school fulani, juu ya duka la hardware. Kulala, mtaa wa Kabiria.

Boss aliitwa Mwalimu Director. Ukimwita kwa cheo kimoja tu, alikuwa anasimama kungoja cha pili.

Mliosomea driving Kenya mnaijua ile board: meza iliyochorwa barabara, unasukuma kagari ka toy ukieleza unachofanya. Yetu ilikuwa imesukumwa hadi ukutani. Wanafunzi walisimama upande mmoja, wakaanzia kona moja, wakaimba Kiingereza kimoja. Ungedhani ni mazoezi ya kwaya.

Mwimbaji bora alikuwa Mama Khaemba, mjane wa mtaa wa Satellite. Nursery school moja ya mtaani kwake ilimwahidi kazi ya kuendesha van ya watoto, mradi awe na licence shule zikifunguliwa. Director alikuwa anamtaja kama mfano kwa wote.

Siku ya mtihani, examiner akaweka kagari upande ule mwingine wa board.

Ni hilo tu. Mama akasahau hata kushoto ni wapi. Akafeli.

Aliporudi tulidhani amekuja kulia.

"Walimu, nisaidieni tuvute hii meza."

"Iende wapi?" Director akauliza.

"Katikati. Nataka kuizunguka."

"Mama, hiyo meza iko hapo tangu hujajua gari ina spare wheel. Umefeli wewe, meza haijafeli."

"Sawa mwalimu. Basi tuonyeshe wewe. Anzia huku ukutani."

Tukavuta meza. Director akarekebisha tai, akashika kagari, akatoa Kiingereza kizuri ajabu, akaingia roundabout kinyume.

"Mwalimu, hapo umetumaliza wote," jamaa mmoja wa Kawangware akasema. Watu walicheka mpaka wa hardware wakapanda ngazi kuuliza kuna nini.

Kwa siku chache meza ilikaa katikati. Mama akawa anazungusha wenzake: "Wewe simama kwangu, mimi nisimame kwako." Akikwama anasema, "Hapa sijui. Nani anajua?" Wakuu, tangu nursery hadi form four sikuwahi kusikia mwalimu akisema hivyo. Nikazunguka nao, na kuna kona nilielewa mara ya kwanza maishani. Na nimeendesha gari nchi tatu.

Jumatatu tukamkuta fundi na drill. Meza imerudishwa ukutani na inapigwa screw.

"Discipline," Director akasema.

Retest ilikuwa wiki hiyo hiyo. Mama hakubishana. Alichukua chaki, akapanda juu kabisa ya jengo kunakoanikwa nguo, akachora barabara kwenye simiti, akatumia kifuniko cha soda kama gari. Darasa lote likamfuata. Chini Director akabaki akinifundisha mimi na ukuta.

Mama akapita. Van anaendesha.

Director akabandika picha ya Mama mlangoni: MATUNDA YA MBINU ZETU. Wanafunzi wapya walipofika, akaniambia niwaeleze hizo mbinu.

Nikasimama mbele yao. "Ngazi ya kwenda juu iko hapo kushoto," nikasema. "Bebeni chaki."

Nikampa Director funguo za darasa, nikashuka. Sijarudi.

Funzo langu ni hili: mwanafunzi akifeli, kabla hujamwita mjinga, angalia ulimsimamisha wapi. Na ukiona mwalimu anaogopa swali, jua anaogopa meza ikivutwa ataonekana.

Walimu mlio humu, karibuni. Matusi pia ruksa. Lakini kwanza jibuni: mara ya mwisho kusema "sijui" mbele ya darasa ilikuwa lini?