Jedwali Lililofika Tupu

Mtakwimu wa idara ya afya hubofya vitufe polepole, kama mtu anayechambua mchele, na sauti yake haipandi hata jambo likiwaka moto. Kila Jumatatu huunganisha majedwali ya wagonjwa kutoka zahanati zote yawe jedwali moja. Moja likija tupu, programu hugoma. Wenzake hulifuta, maisha yakaendelea. Yeye huliandikia vichwa vya safu ili programu ilikubali, akaliweka mahali pake bila mstari hata mmoja, kisha hufuta miwani kwa ncha ya shati na kuinua simu. Bosi wake hajawahi kuizoea tabia hiyo.

Jumatatu hii jedwali la zahanati moja lilikuja tupu, na bosi alisimama nyuma ya mtakwimu roho juu, maana ripoti ilikuwa ikisubiriwa na wakubwa. "Mzee wangu, liruke tu. Tupu ni tupu." Mtakwimu alikuwa ameshapiga namba. "Kuna tupu ya kukosa wagonjwa, bosi, na kuna tupu ya kukosa mwandishi." Simu iliita weee, mwishowe ikapokewa na mlinzi wa zahanati. Muuguzi yuko ndani, alisema, homa imemlaza kwenye kitanda cha wagonjwa tangu Alhamisi, na mwingine hakuna. "Mpe maji. Gari linakuja," alisema mtakwimu, akageuka kumtazama bosi, na bosi akatoka mbio kumtafuta dereva. Yeye akafuta miwani, akalirudia lile jedwali tupu, akajaza mstari wa kwanza: mgonjwa mmoja, kazi yake uuguzi.