Leo Nimeitwa Mulevi kwa Sababu ya Usukani

Leo Muzungu wa kampuni aliniita mulevi mbele ya wapakiaji wote.

Mimi, yeye na wapakiaji tulitoka Kabambare na kamyo ya pamba ya kupeleka Kasongo. Daraja lilivunjika, tukazunguka porini juu ya mawe. Kurudi barabarani, usukani ukaanza kutetemeka, kamyo ikavuta kushoto.

Nikasimama.

Muzungu akafikiri ni pombe: “Mulevi! Endesha, ao utalala boloko.”

“Bwana, unifunge tu. Hapa siondoki.”



Nikainua gurudumu la mbele kwa jeki, nikamuomba alitikise mwenyewe. Likacheza kama jino linalotaka kung'oka. Nati ya mkono wa usukani ilikuwa karibu kuanguka.

Akatazama mteremko mrefu wa kushuka mtoni mbele yetu.

Hakuniomba radhi. Alinishikia spana tu nikikaza.

Madereva wenzangu, ninyi mungesimama?