Maman Mwenye Hawajamutua

Mutoto hakuwamo. Nilifungua fundo la kitenge, nikaweka mikono chini yake sawa vile tunapokea mutoto mwenye kulala, na kilichoanguka mikononi mwangu kilikuwa udongo. Udongo mwekundu, wa majimaji, baridi, wenye uzito wa mutoto. Hii si habari ya kusikia kwa jirani. Ni mimi, ni mikono hii, na pombe sinywi. Mwenye anataka kucheka, acheke kwanza amalize, kisha asikilize.

Mimi nauza makala, makaa ya kupikia, kule mulimani, mutaa wa Kasha. Taksibisi inaniacha barabarani na gunia langu, na toka pale ni kupanda kwa mguu. Gunia la makala, mutu hawezi kujitwika peke yake. Unakaa chini, unaweka mukanda kwenye paji la uso, unangojea. Anapita mutu, yeyote, anakuinua kwa nyuma, umesimama, unaenda. Hatulipani, hatuulizani jina. Ukigeuka kumuangalia, gunia litakuangusha, kwa hiyo unasema aksanti ukiangalia njia. Nimetwikwa na wanafunzi, na askari, siku moja hata na padri mwenye kanzu nyeupe. Ile kanzu, masikini, haikubaki nyeupe.

Lakini mwenye alinitwika kupita wote ni maman mumoja kijana, mutoto mugongoni. Alikimbia vita kwao, akapanga nyumba ya mabati chini ya kwangu. Tulimuita tu maman wa chini. Mikono yake niliijua kuliko sura yake. Na kila mara neno lake lilikuwa moja: "Inuka, maman, mulima haitakuja kwako." Nilikuwa nacheka, na kucheka kunasaidia kupanda. Jina lake? Sikuuliza. Na ninyi, munauliza?

Sasa nitaje mutu. Papa Ladislas, chefu wa avenyu yetu, mukubwa wa mutaa. Mulima ule ulikuwa na mikaratusi, mizizi yake njo ilishika udongo. Aliikata, akauza mbao. Kisha akauza parseli, viwanja vya kujenga, pale pale, na nyingine akajengea nyumba za kupangisha, akatuapia udongo uko imara. Mvua kubwa ilipokuja, mulima uliteremuka na nyumba zetu. Mimi nilitolewa na watu nisiowajua hata leo. Walichimba kwa mikono, kwa sahani, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mguu wangu ulibaki hivi, wa kuburuta.

Nikawalilia kwamba chini bado kuko maman na mutoto. Wakaanza kuchimba. Papa Ladislas akafika na mwavuli wake, akawasimamisha. Alisema nyumba ile ilikuwa wazi, mupangaji alishahama. Nikasema hapana, jana alinitwika. Akainama karibu yangu, sauti pole kabisa.

"Anaitwa nani?"

Nilijua mikono yake tu.

"Unaona, maman. Hakuna jina, hakuna maiti."

Watu wakaweka sahani chini. Papa Ladislas akasawazisha pale, akajenga depo ya simenti. Iko pale hadi sasa, na kufuli yake.

Basi, masika iliyopita, jioni, mvua imetoka tu kuisha na mwanga ungali njiani. Nimekaa, mukanda kwenye paji, nangojea mupita njia. Mikono ikaniinua. Niliijua mbele ya kufikiri. Halafu nikasikia: "Inuka, maman, mulima haitakuja kwako."

Ningefanya nini? Kukimbia na mguu huu, na gunia? Nilipanda. Yeye nyuma yangu, nyayo zake zinalia pwachu, pwachu, sawa mutu anayetembea ndani ya matope, na njia ile ni mawe matupu. Mbele ya depo nyayo zilisimama. Nikatupa gunia, nikageuka. Alikuwa yeye, nywele zimeshikana na udongo, kitenge kimefungwa kifuani. Hakuwa na hasira, muniamini. Alikuwa amechoka tu.

"Nimekutwika siku zote," alisema. "Leo unitue na mimi. Mutoto amekuwa muzito."

Akanipa mugongo. Mutu aliyekutwika, utakataa kumutua? Nikapitisha mikono kifuani mwake, nikafungua fundo. Mengine nimeshasema. Nikainua macho nimuulize jina, hakuwako.

Ule udongo uko kwangu, ndani ya beseni, nyuma ya mulango. Haukauki. Kiangazi chote kimepita juu yake, ungali unatoa maji. Niliupeleka kwa Papa Ladislas. Akasema, maman, udongo uko kila mahali, akafunga mulango. Mikono yangu imebaki baridi, hata juu ya moto wa mbabula, jiko la makala. Na sasa kila mwenye ananitwika namuuliza jina. Wanasema nimerukwa na akili. Ninyi munaosoma, muulize majina. Wema usio na jina ni muzuri, lakini siku udongo unateremuka, wema ule hautoi ushuhuda.

Na wewe, Papa Ladislas, ungali muzima, ufunguo wa depo mufukoni. Uliniuliza jina mbele ya watu, na mimi sikulijua. Lakini nyumba ile ya mabati ilikuwa yako. Wewe njo ulimupangisha. Kila mwezi ulibisha kwake, ukamuita.

Ulimuita nani?