Nyeusi Ndiyo Maji

Tangu maji ya Tana yalipoanza kupita kwenye mfereji wa Belezoni na kumiminika katika mto wetu pale Kau, mto ulipanuka, ukaanza kula ukingo wa makaburi. Mama alizikwa safu ya mwisho, upande wa maji.

Kaka yangu alitaka tumhamishe. Mimi nilisema maiti hafukuliwi bila fatwa, na sheikh wetu alikuwa Kipini, mzee asiyeweza tena kupanda mtumbwi. Akatuma neno kwamba akipata yakini kuwa maji yatafika, ataruhusu.

Mzungu niliyemfanyia kazi alikuwa ameniachia kamera yake, pamoja na vioo vya kupigia picha na dawa za kuvisafishia. Nikatia nia: kila Ijumaa baada ya sala, mwaka mzima, nitaupiga picha ukingo ule kutoka mahali pamoja. Watu sikuwapiga picha. Majirani walinicheka, wakauliza kama nauposa mto.

Karatasi za kuchapia sikuwa nazo, kwa hiyo masika yalipokaribia nilipeleka Kipini vioo vyenyewe. Sheikh akaviinua dirishani kimoja baada ya kingine. Uso wake ukakunjuka.

"Alhamdulillahi. Nchi kavu inaongezeka."

Nikamweleza kwamba kwenye kioo mambo hugeuka: maji yanayong'aa hutoka meusi, udongo hutoka mweupe. Nyeusi ile iliyosogelea kaburi ndiyo maji. Alinisikiliza kwa upole.

"Mwanangu, shahidi akiita nyeupe nyeusi, kadhi humpokea?"

Nikasema niko tayari kuapa. Akasema mimi ni mtoto wa maiti, nina haja yangu. Atatuma watu wawili waaminifu wakaone kwa macho, mvua zikipungua.

Mvua hazikupungua. Ukingo ulianguka alfajiri, tukiwa katika sala. Tulipotoka msikitini safu nzima haikuwepo, na maji ya udongo yalikuwa yakipita pale. Kaka hakunilaumu, wala hakumlaumu sheikh. Kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo.

Ijumaa iliyofuata nikabeba kamera, maana nia ilikuwa ya mwaka, na mwaka ulikuwa haujaisha. Kaka akanibebea ile miguu mitatu ya kuisimamishia kamera.

"Unapiga nini sasa, mdogo wangu?"

"Mahali alipo Mama."

"Na yuko wapi?"

Sikujua pa kuelekeza kidole. Tukamsomea Fatiha tumeukabili mto, kisha nikafunua lenzi.