Michungwa Iliyofungwa Kaniki

Mama alikuwa na macho mekundu, na katika vijiji vya upande wa Magu miaka ile, macho mekundu kwa mwanamke mzee yalikuwa hukumu tosha ya uchawi. Kuni zilikuwa zimekwisha zamani, akapikia mavi makavu ya ng'ombe miaka nenda miaka rudi, moshi ukamla macho. Kila mtu alilijua hilo. Lakini vikongwe wenzake walikuwa wanakatwa mapanga, na waliowakata nao walizijua habari za moshi.

Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi Mwanza, kiwanda chetu kilipouzwa kwa mwekezaji. Mke wangu aliuza mitumba Igoma, nami nikakaa nyumbani nikimkosoa, hadi rafiki mmoja wa Ilemela mwenye bustani ya miche akanionea huruma na kunifundisha kubebesha. Unaotesha mlimao, mti usiodekadeka. Ukifikia unene wa penseli unachana gome lake, unapachika humo kichipukizi kilichobanduliwa kwenye mchungwa mtamu, unafunga kwa utepe wa nailoni. Wiki tatu baadaye unafungua. Kikiwa bado kijani, kimeshika. Mizizi ya mlimao, matunda ya mchungwa. Nilijiona mtaalamu.

Kitalu nilikiweka kwa Mama, nyuma ya jiko, maana kwangu mjini ni mawe matupu. Milimao arobaini. Siku ya kubebesha, nailoni iliniishia nikiwa nimefunga mitano tu. Mtu mwenye akili angerudi mjini. Mimi nilimwomba Mama kitambaa. Akatoka na kaniki yake kuukuu, nyeusi, tukaichana vipande vyembamba. Mitano ya nailoni, thelathini na mitano ya kaniki. Nimezaliwa Usukumani, najua kaniki huvaliwa na nani kwenye matambiko, najua waganga hufunga nini ndani yake. Siku ile sikukumbuka hata kidogo. Nilikuwa nawaza machungwa.

Siku ya kumi jirani wa Mama alinifuata Igoma, akakataa hata kukaa.

"Mama yako amefunga nini kwenye miti?" aliniuliza. "Mtoto wa nyumba ya pili ana degedege. Watu wanasema."

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilipanda gari la kwanza la Magu, nikimwomba Mungu nimkute hai.

Nilimkuta hai, ameketi mlangoni. Wazee watano walikuwa wamesimama kwenye kitalu, pamoja na vijana wenye mapanga ambayo hawakuja nayo kulima. Niliwaamkia shikamoo, aliyeitikia marahaba ni mmoja. Nikaeleza habari ya mlimao na mchungwa tangu mwanzo.

"Kwa hiyo mlimao utazaa machungwa?" mzee yule aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

Hapo ndipo nilipojua kwamba ukweli wangu ulikuwa mbaya kuliko uongo wowote ambao ningeutunga. Vijana walitazamana. Mama akasema, kwa sauti yake ya kila siku, "Fungua, mwanangu. Fungua waone."

Nikafungua ile thelathini na mitano, kwa haraka hata nikawa nabandua vichipukizi pamoja na kitambaa. Walivichambua vile vitambaa kutafuta nywele na kucha za watu, wakakuta magome. Ile mitano hakuna aliyeigusa, nailoni ni kitu cha dukani. Mzee akapangusa mikono.

"Sawa," alisema. "Tutarudi kuangalia."

Nilimsihi Mama twende wote Igoma. Alikataa: akihama, watasema amekimbia kwa kuwa ni kweli. Nilikaa naye siku nne, kisha akaniambia nirudi kwa watoto wangu. Huko mjini kila aliyebisha hodi alinishtua. Sikusikia kingine kichwani ila yale maneno ya mzee. Watarudi, watakuta milimao imeota majani ya mchungwa, na hapo tutajitetea kwa lipi?

Baada ya wiki moja nilishindwa kuvumilia, nikaenda. Mama alikuwa kisimani. Nikafungua nailoni: yote mitano imeshika, vichipukizi vya kijani vimenenepa. Siku nyingine ningecheza ngoma. Niliing'oa yote.

Mama alifika na ndoo kichwani, akaona. Aliitua polepole.

"Nimeimwagilia asubuhi na jioni," alisema. "Uliwaambia ni kilimo, na mzee akasema atarudi aone. Hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu, mwanangu. Wakija nitawaonyesha nini?"

Nilichukua jembe, nikaanza kuirudisha udongoni mmoja mmoja, yeye akinimiminia maji, na kila nilipoinua uso niliitazama njia.