Vikombe Viwili Kabla ya Mbio

Kazi yangu ilikuwa kikombe na kalamu. Shule niliiacha darasa la sita, nikazunguka kutoka Junju hadi Malindi nikifanya lolote lililopatikana, na mwaka huu nikaangukia kwa watafiti waliokuja kupima afya na nguvu za wanajeshi katika kambi iliyo nje ya mji. Walipima uzito, kiuno na mapigo ya moyo, kisha askari wakakimbia mizunguko kumi na miwili juani. Mimi nilimpa kila mmoja vikombe viwili vya maji kabla ya mbio, na akishakunywa natia alama kwenye fomu yake.

Nilimsumbua daktari wao kwa maswali. Kwa nini maji? Kwa nini viwili? Alinieleza bila kuchoka kwamba mwili mkavu haupoi, na joto lisipopata pa kutokea humwangusha mtu. Aliyefunga asikimbie, apangiwe Ijumaa pamoja na wagonjwa.

Askari walinitania. "Raia," mmoja aliniambia, "hicho kitambi chako nani atakipima?"

Ilikuwa wiki iliyofuata Idi. Akaja askari wa Lamu, mwembamba, mpole. Wenzake walimwita Bwana Ghala, kwa kuwa mara ya mwisho alishindwa mbio akapelekwa kupanga magunia. Alipokea kikombe, akasukutua, akatema mchangani. Nikafahamu. Alikuwa kwenye funga ya sita, zile siku sita zinazofungwa baada ya Ramadhani.

"Kaka, nisitiri," alisema kwa sauti ya chini. "Ijumaa sikimbii na wagonjwa. Watanicheka mpaka nistaafu."

Sita ni sunna. Angeweza kufungua pale pale asipate dhambi. Nilijua hilo tangu chuo cha Kurani, nilipokuwa mdogo. Lakini nilifurahi kuaminiwa na mtu mwenye sare. Nikatia alama.

Mzunguko wa tisa alianza kuyumba. Wa kumi akaanguka, na tulipomfikia ngozi ilikuwa kavu, ya moto, naye akisema maneno yasiyoshikana. Daktari alikuwa na fomu niliyoitia alama mkononi.

"Huyu alikunywa?"

Nilichelewa kujibu. Si sana, lakini nilichelewa. Nikasema hapana, amefunga.

Hakunigombeza. Jioni, askari alipokwisha kupelekwa hospitali, daktari alizichukua kurasa zangu zote za siku ile akazifuta kwa mstari, hata za wale niliowaona wakimeza.

Siku ya tatu nikaenda kumtazama. Mlangoni muuguzi alinionya: figo zimeumia, huenda asikimbie tena, na nisimwambie, daktari atamwambia mwenyewe.

"Ulinisema?" askari aliniuliza.

"Nilikusema."

"Haidhuru. Basi Ijumaa nitakimbia na hao wagonjwa."

Nikammiminia maji. Safari hii aliyanywa yote, nami nikalitazama koo lake likipanda na kushuka mpaka kikombe kikaisha, bila kumwambia neno.