Upande wa Pili wa Karatasi

Gunnel Åkerlind alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha karatasi cha mji wa Norrköping. Kilipofungwa, maabara moja mjini ikamwajiri kuendesha mashine ya kuchapa. Walichokichapa ni taa: wino mwembamba unaopitisha umeme, usio na sumu, juu ya karatasi ya miti, ili taa ikichoka itupwe ioze kama jani.

Shida ni kwamba taa zenyewe hazikudumu. Zinawaka dakika nne, zinatoka madoa meusi, zinakufa.

"Wino huu bado," alisema Joakim Sterner, mtafiti aliyeongoza kazi hiyo, akaagiza mwingine. Miezi saba, wino kumi na moja.

"Joakim, karatasi ina nyuso mbili," Gunnel alimwambia. "Tunachapa upande wenye nyuzi zilizosimama. Zinatoboa wino."

"Gunnel, hapa hatufungi maandazi kwa karatasi," alicheka Joakim. Wengine nao wakacheka. Gunnel akarudi kwenye mashine.

Alirudia kusema mara nne. Mara ya tano hakusema. Joakim alipokwenda mkutanoni Brussels, Gunnel alichukua wino wa tatu, ule uliokwisha kutupiliwa mbali, akageuza karatasi, akachapa taa sita.

Joakim aliporudi Alhamisi, zote sita zilikuwa zinawaka tangu Jumanne.

"Nilijua tu! Wino wa kumi na moja!"

"Wa tatu," alisema Gunnel. "Nimegeuza karatasi, basi."

Joakim aliigusa karatasi kwa kidole, upande huu, upande ule.

Ripoti ilitoka majira ya kuchipua, ikiwa na majina tisa ya waandishi, lake halimo. Gunnel aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akajikuta mwishoni kabisa: "Tunashukuru kwa msaada wa mitambo."

Akamfuata ofisini. "Msaada wa mitambo ndio nini, Joakim?"

"Ndio utaratibu wetu. Usichukulie vibaya, jamani. Ripoti ijayo..."

"Miezi saba umenifanya kichekesho, leo unaniambia utaratibu?"

Joakim aliwaandikia wachapishaji kweli, akiomba jina la Gunnel liongezwe. Wakajibu kwamba amechelewa. Akamletea Gunnel keki ya mdalasini. Gunnel akaiacha mezani ikakauka.

Wiki iliyofuata mzigo mpya wa karatasi uliingia. Gunnel alipitia kila bunda kwa penseli nene, akaandika CHAPA UPANDE HUU, na chini yake, kwa herufi kubwa vilevile, jina lake lote.